Bibie wa Karabai

Ato Bentsil alikuwa mwanamume. Tuanze na hilo, maana wako watu kule Sekondi wanaobisha mpaka leo. Alikuwa na mabega mapana ya mtoto wa seremala, na kidevu kilichoota ndevu kabla jua halijatua. Lakini mvishe blauzi na vitenge viwili, mfunge kilemba, mpake wanja, kisha mwache akatize sokoni, uone wanaume wazima wanavyosahau walichotumwa na wake zao.

Kundi lake la konseti, yaani michezo ya kuchekesha yenye muziki, liliitwa Karabai, kwa jina la taa walizozitundika juu ya jukwaa. Walikuwa wachezaji watatu mbele, wapiga gitaa na ngoma nyuma, na lori moja lililokohoa njia nzima. Mwanamke hakuwamo hata mmoja. Enzi zile, mama gani angemwachia binti yake alale kwenye lori na wapiga gitaa? Kwa hiyo bibie wa jukwaani alikuwa mwanamume, na katika pwani yote ya Wafante, toka Sekondi hata Winneba, hakuna bibie aliyemfikia Ato. Nalisema hilo bila kumung'unya maneno, na anayetaka kubisha aje.

Wenzake wa makundi mengine walibana sauti na kutikisa makalio, watu wakacheka, basi. Ato hakubana kitu. Alikulia chini ya meza ya bibi yake muuza samaki wa kukaanga, akawasikiliza wanawake wa soko wakisema, na zaidi akawatazama wakinyamaza. Alijua mwanamke aliyekasirika hafungi kilemba kama aliyefurahi. Alipotoka kama mjane, wanawake walipanda jukwaani na sarafu, na ndizi, na hata vitenge vyao, maana kwetu mchezaji akikugusa moyo hukai na mkono mtupu. Mama mmoja wa Saltpond alimpandishia bakuli zima la wali na samaki, akamwambia kwa machozi, "Kula, mwanangu. Wanaume wote ndivyo walivyo." Ato akala, na hakuvunja sura yake hata kidogo.

Mitaani walimtania. "Bibie, umepika nini leo?" Naye hujibu, "Nimepika wivu, leta sahani." Maneno hayo yalimpita. Alikuwa fundi na alijijua kuwa fundi, na mtu anayeijua kazi yake hasumbuliwi na kelele za vijiwe.

Neno moja tu lilimkaa. Lilitoka kwa mama yake Ekua.

Ekua alikuwa akiuza mikate kwenye stendi ya malori ya Mankessim. Siku waliyoonana, Ato alikuwa kavaa kibibie, kajitwika sinia la mikate, anapita stendi nzima kulitangaza onyesho. Wote walidanganyika, madereva wakimwita "shemeji". Ekua alimtazama mara moja, akamfuata.

"Kaka," alisema taratibu, "unabeba kwa mabega. Sinia hubebwa na shingo. Mabega yaache yapumzike."

"Kaka yupi?" Ato alijibu kwa sauti ya bibie.

"Huyu mwenye kitenge cha kijani."

Akamfundisha pale pale, kwa sinia lake mwenyewe, huku anacheka mpaka machozi yanamtoka. Ule mwendo wa Ato wa kubeba, ambao baadaye watu walitoka miji ya mbali kuja kuuona, ulianzia hapo. Hakuwahi kuuficha. "Shingo hii kanipa Ekua," alikuwa akisema. Tangu siku ile lori la Karabai halikupita Mankessim bila kusimama, na mikate ikanunuliwa hata wapiga ngoma wakalalamika kwamba wamechoka kula mikate.

Ndipo Ato akamtuma mjomba wake, kaka wa mama yake, aende Nkwantanum, mji wa kwao Ekua, kubisha mlango kwa mama wa binti, Mama Abakoma, na chupa mbili za kinywaji kikali. Mposaji mwenyewe haendi, hata uso wake hauonekani siku hiyo. Mjomba akaenda, akakaa, akasema sana. Chupa zikarudi hazijafunguliwa, pamoja na neno ambalo Mama Abakoma alilisema wazi, majirani wakisikia: "Binti yangu siwezi kumpa mtu ambaye hajui kesho ataamka mume au mke."

Soko zima lilicheka. Neno hilo lilipanda lori na kufika Sekondi kabla ya mjomba. Ato naye alicheka mbele za watu, kwa sababu lilikuwa neno zuri na yeye aliyapenda maneno mazuri. Lakini lilimchoma. Mama yule angemtukana sura, angemtukana umaskini, Ato angestahimili. Alimtukana kazi, na kazi ile ndiyo iliyokuwa fahari yake.

Miezi ikapita. Siku moja dereva wa lori la ndizi akamletea ujumbe wa mdomo kutoka kwa Ekua. Kuna mposaji mwingine, Egyir, mpima kakao wa hapo hapo Nkwantanum. Shangazi yake anakuja Jumamosi kutoka Winneba kuitazama nyumba. Akiridhika, chupa zitapokelewa Jumapili baada ya kanisa, na hapo mambo yamekwisha. Jumamosi hiyo hiyo ndiyo Karabai walikuwa wamepangiwa kucheza Nkwantanum. Ato alikuwa na siku moja, na wala hakujua aifanyie nini.

Karabai walikuwa na mazoea yao. Wakifika mji, kabla hata jukwaa halijapigwa misumari, bibie hushushwa atembee. Hapigi ngoma wala hasemi neno la onyesho. Anatembea tu kama mgeni mwenye heshima, na nyuma yake ubishi unaanza: ni mwanamke, si mwanamke. Kufikia jioni mji wote una hamu ya kulipa kiingilio ili uhakikishe. Siku ile Ato alivaa kilemba chekundu na hereni za kung'aa, akalizunguka soko mara moja, na miguu ikampeleka yenyewe kwenye nyumba yenye tanuri la udongo uani. Alitaka kumwona Ekua tu, hata kwa mbali.

"Hodi," aliita.

"Karibu, karibu ndani, dada yangu," sauti ilimjibu. "Nimekungoja tangu asubuhi."

Mama Abakoma alitoka kwenye moshi wa tanuri akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu asiyependa kusaidiwa. Ekua hakuwapo. Kabla Ato hajafungua kinywa, kigoda kilishasogezwa na kibuyu cha maji kilishafika mkononi mwake.

Na hapo ndipo adabu zetu zilipomtega. Kwetu mgeni haulizwi wewe nani, wala hajitangazi. Anakaa, anakunywa maji, na mwenyeji ndiye anayetangulia kutoa habari za nyumbani. Zikiisha ndipo mgeni hugeukiwa aseme ujumbe wake. Kumkatiza mwenyeji katikati ya habari zake ni ushenzi mtupu, na Ato alikuwa mtoto aliyelelewa. Alishafahamu kwamba amedhaniwa ni shangazi wa Winneba. Nitamwacha amalize, alijisemea, kisha nitajitaja. Tusidanganyane, alitaka pia kusikia.

"Hapa ni salama," Mama Abakoma alianza. "Tanuri limewaka, mikate ya asubuhi imekwisha. Sasa, dada, wewe mzazi na mimi mzazi, tusifichane. Umeona nilivyokupa maji yakamwagika? Si haraka ile. Macho yananiacha."

Ato alishusha kibuyu polepole.

"Wewe hapo nakuona kilemba chekundu, na kitu kinang'aa sikioni. Pua yako siijui iko wapi. Mikate naisoma kwa harufu, moto naupima kwa kiganja. Konseti ikija nakaa mbele kabisa, watu wanasema Abakoma kwa michezo ya upuuzi humwezi. Waache waseme. Mimi nyuma ni giza."

"Na binti anajua?" aliuliza Ato kwa sauti ya bibie. Ilimtoka hivyo bila kukusudia.

"Asijue. Tangu baba yake afariki nimemlea mwenyewe, na namjua. Akijua hataolewa na mtu yeyote. Atakaa hapa anishike mkono niende chooni, niende kanisani, mpaka naye azeeke. Sitaki. Ndiyo maana namtaka mpwa wako. Anapima kakao hapa hapa, haendi popote. Ekua atakuwa karibu nami, na hatajua kwa nini namtaka karibu." Akacheka kidogo bila furaha. "Alikuja mwingine, kijana wa konseti. Maskini, sina neno naye, nasikia ni fundi kweli. Lakini mjomba wake alikaa hapo ulipokaa akajisifu kwamba atamhamishia Ekua Sekondi, kwenye ghorofa. Mimi na ghorofa ya Sekondi wapi na wapi? Nikatafuta neno la kuwafukuzia, nikalipata. Watu wakicheka, dada yangu, hawaulizi zaidi."

Mwiba wa miezi mingi ulimtoka Ato palepale, akabaki na mzigo mzito kuliko mwiba. Alitaka kumshika mkono yule mama. Hakuthubutu, kwa sababu mkono wake ulikuwa wa seremala na ungemwumbua.

"Basi, habari zetu ndizo hizo," alisema Mama Abakoma, akajiweka sawa kwenye kigoda chake. "Wewe ndiwe uliye safarini. Tupe ujumbe wako."

Ato akavuta pumzi. Lakini aliyesema alikuwa jirani, Mama Esuon, akipaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Abakoma! We Abakoma! Funga mlango wako. Lile dume la konseti linazunguka mji limejivika vitenge, linaingia majumbani mwa watu. Wanasema ukiliona hulijui."

"Mimi halinidanganyi," Mama Abakoma alimjibu. "Mwanamume ataficha vyote, sauti itamfichua."

Hajamaliza, mlango ukatiwa kivuli, na sauti nzito kama ngoma kuu ya chifu ikasema, "Hodi humu ndani."

Alikuwa Madamu Arkorful, shangazi wa Egyir, mwenyewe hasa, katoka Winneba na vumbi lake. Alikuwa mwanamke wa heshima, mnene, na kanisani kwake aliimba pamoja na wanaume, kwa kuwa wanawake walishindwa kushuka naye.

Mama Abakoma alisimama. "Ni wewe," alisema.

"Ndiyo, ni mimi."

"Nilijua hata kwangu utafika."

"Si nilituma habari kwamba nitafika?"

"Na habari unatuma kabisa. Kweli mji huu umekwisha."

"Mama, mbona sikuelewi?"

"Usiniite mama. Kanyoe ndevu kwanza."

"Ndevu?" alisema Madamu Arkorful, na mkono ukamwenda kidevuni.

Ato alishasimama. "Mama, tafadhali, hapa pana kosa, huyu ndiye—"

"Kaa, dada yangu, usiogope. Hawa vijana wa konseti nawaweza." Akamgeukia tena yule mama wa watu. "Sikia, kijana. Hiyo sauti hata ukiifunga vilemba saba itabaki ya dume. Nina mgeni wa maana hapa, ametoka Winneba kwa jambo la kiungwana. Ondoka, la sivyo nakuja na mwiko wa tanuri."

"Winneba?" alinguruma Madamu Arkorful. "Mimi nimetoka Winneba. Nimepanda lori na kilemba changu cha Pasaka nije nitukanwe na muuza mikate! Mwambieni Egyir atafute mke hata mwezini, nyumba hii siirudii tena." Akageuka, na kishindo cha viatu vyake kikasikika mpaka barabarani. Mama Esuon, kichwa juu ya ukuta, hakupitwa na neno.

Ato alitokea mlango wa jikoni. Nyuma ya nyumba alikutana na Ekua anashuka njia na mzigo wa kuni kichwani, shingo imenyooka, mabega yamepumzika.

"Ato," alisema Ekua bila kutua mzigo. "Umetoka ndani mwetu?"

"Nimepewa maji."

"Mama kasema nini?"

Ato akajishughulisha na hereni zake.

"Nakuuliza wewe. Kasema nini?"

"Habari za mwenyeji, mgeni hatoki nazo. Muulize mwenyewe."

"Una siri na mama yangu ambayo mimi siijui?" Ekua sasa alikasirika kwelikweli. "Mgeni wa namna gani wewe?"

"Mlete jioni," alisema Ato. "Akae mbele."

"Hukaa mbele siku zote," alisema Ekua akipita zake. "Sijui anaona nini huko."

Kama Ato angekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia hapo na kila kitu kingemnyookea. Shangazi kafukuzwa, Egyir kaumbuka, njia nyeupe. Kesho amrudishe mjomba na chupa nyingine, afundishwe la kusema, na hakuna atakayejua. Aliliwaza hilo njia nzima mpaka kwenye lori. Kisha likamtia kinyaa. Jukwaani alidanganya watu kwa kiingilio chao, nao walijua wanadanganywa, wakafurahi. Kuingia ukweni kwa mlango wa kuiba, tena kwa mgongo wa mama asiyeona, hiyo haikuwa kazi yake, na yeye alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake.

Mkuu wa kundi, Kwamena Tsiboe, alikuwa anajipaka uso masizi. Yeye ndiye alikuwa mchekeshaji, na kila mji alitaka siri moja ya hapo hapo aitie kwenye mchezo.

"Mji mzima unasema ulikuwa ndani kwa Abakoma," alisema. "Nipe. Umesikia nini?"

"Sina kitu."

"Umekalishwa, umenyweshwa maji, umetoka mikono mitupu? Bibie, usinifanye mtoto."

"Nimetoka na kitu," alisema Ato. "Si cha jukwaani."

Tsiboe alimsihi, akamtukana, akamwambia hana shukrani, mwisho akakata tamaa akapaka masizi shavu la pili.

Watu walipokwisha kula, karabai zikawashwa na uwanja ukajaa mpaka juu ya kuta. Mama Abakoma alikaa mbele, katikati, mkate umefungwa kwenye kitambaa mapajani mwake. Ekua alikaa nyuma yake, bado kanuna.

Mchezo wenyewe walikuwa wakiujua hata watoto. Tsiboe ni mtumishi aliyevaa koti la bwana wake, anamposa binti wa mjane tajiri. Mjane anamdhania ni bwana mkubwa, anampa kiti. Kisha anajibanza nyuma ya pazia na kumsikia akijisemea kwamba hata koti si lake. Hapo hutoka na mchi, humfukuza kuzunguka jukwaa, magitaa yanalia, watu wanaanguka kwa kicheko. Ndivyo ilivyokuwa miji yote.

Siku ile Ato alitoka nyuma ya pazia bila mchi. Tsiboe alishaanza kukimbia, akabaki anakimbia peke yake.

"Simama," alisema mjane. "Koti si lako, nimesikia. Koti silitaki. Nakuuliza hivi: ukimwoa binti yangu utampeleka wapi?"

Tsiboe alikuwa fundi naye, akakamata. "Nitampeleka mbali, mama. Kwenye ghorofa."

"Ghorofa kamjengee mama yako. Mwanangu haondoki kwenye jiko langu." Ato alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, na sauti yake haikuwa ya kuchekesha tena. "Wakati wa bibi zetu mke alilala kwa mama yake, akapika kwa mama yake, na mume alipotaka kula alijua njia. Hiyo ni ndoa, si aibu. Wewe na lori lako nendeni mtakako, lakini mrudi. Anayejua njia ya kwenda aijue na ya kurudi. Nami nikiamka asubuhi nimsikie mwanangu uani akichochea moto. Hilo tu ndilo ninalotaka, na mtu asiniulize kwa nini. Mimi ni mama yake."

Wanawake wote uwanjani waliitikia kwa pamoja, na sarafu zikaanza kuruka. Mama Abakoma hakuitikia. Kaelekeza sikio jukwaani. Sauti ile alikuwa ameipa maji mchana.

Akasimama na mkate wake. Watu wakampisha, wakijua anakwenda kutuza. Akapanda ngazi za mbao akiishikilia nguzo, akafika mbele ya kilemba chekundu, akanyoosha mkono akaweka kiganja kwenye shavu la bibie.

"Ndevu zimeanza kuota, dada yangu," alisema.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Ato hakucheka. "Ndiyo, Mama."

"Basi yule niliyemfukuza alikuwa nani?"

"Alikuwa shangazi, Mama. Shangazi mwenyewe. Nilitaka kusema, hukunipa nafasi."

"Na sauti ile?"

"Ni yake. Kaumbwa nayo."

Hapo sasa watu walilala chini. Habari ya Madamu Arkorful ilishatambaa mji mzima, na Mama Esuon alikuwa anapiga magoti yake kwa viganja akiapa kwamba aliyaona yote. Wote waliamini ni mchezo umetungwa vizuri. Mama Abakoma alingoja wakanyamaza. Uso wake ulikuwa haujacheka bado.

"Mgeni," alisema, "kigoda nilikupa. Maji ulikunywa. Habari zangu nilikupa zote, hata zile ambazo hakuna mwingine aliyezisikia. Ujumbe wako hujasema. Sema."

Bibie wa Karabai havui kilemba mbele za watu. Ilikuwa sheria ya kazi, na Ato alikuwa ameishika tangu siku ya kwanza. Wako waliokufa bila kumwona kichwa. Sasa alikifungua mwenyewe, taratibu, akakikunja, akabaki kichwa wazi chini ya karabai, mwanamume aliyepakwa wanja.

"Mtu hajiposei mwenyewe, Mama," alisema kwa sauti yake ya kuzaliwa. Akamgeukia Tsiboe, akamnong'oneza.

Tsiboe alivuta lile koti la kuazima likakaa sawa, akaufuta uso masizi yakazidi kuenea, na akasimama kama msemaji wa ikulu ya chifu. "Mama Abakoma, huyu kijana anaitwa Ato Bentsil. Ameona ua nyumbani kwako na anaomba ruhusa asilichume. Liendelee kuota pale pale, yeye atakuja kulimwagilia. Ndio ujumbe."

"Nimesikia," alisema Mama Abakoma. "Sasa wewe, msemaji, nijibu kweli. Hizo habari nilizompa huyu mchana, amekuambia zipi?"

"Zipi?" Tsiboe alishindwa kujizuia, uchungu wa mchana kutwa ukamtoka. "Mama, huyu mtu nimemsihi, nimemtukana, nimemlilia. Nina mchezo wa kupika na yeye hanipi hata chumvi. Katoka kwako na mdomo umefungwa kama gunia la kakao. Kama una siri yoyote kwake, mama yangu, kaizikeni pamoja."

Watu wakacheka tena. Mama Abakoma alikifungua kile kitambaa. Akauweka ule mkate mikononi mwa Ato.

"Mjomba wako arudi na zile chupa," alisema. "Na safari hii asiseme sana."

Akageuka kushuka. Karabai zilikuwa usoni mwake, na ngazi zilikuwa gizani chini yake. Mguu wake ulikwenda ukingoni, ukapapasa, haukupata kitu. Ato aliona. Kabla mtu mwingine hajaona, alikuwa keshajifunga kilemba, kampitishia mkono wake chini ya kwapa, na kwa ule mwendo wake uliowatoa watu miji ya mbali akaanza kumshusha, kidato kwa kidato, kama mabibi wawili wa heshima wanaotoka kanisani. Tsiboe akawaashiria wapiga gitaa. Uwanja mzima ukasimama kupiga makofi, na hakuna aliyejua kwamba mmoja wao haoni anapokanyaga.

Mmoja alijua. Ekua alikuwa ameutazama ule mguu. Alikumbuka maji yanayomwagika, na kiganja kwenye mdomo wa tanuri, na viti vya mbele miaka yote, akasimama machozi yanamshuka. Alikwenda mpaka chini ya ngazi akaushika mkono wa pili wa mama yake, na Mama Abakoma, ambaye hakupenda kusaidiwa, akamwachia.

Madamu Arkorful alipelekewa Winneba kapu la mikate na maneno ya kumwomba radhi. Alivila vyote viwili, na kwenye harusi aliongoza nyimbo. Ato aliendelea kuwa bibie miaka mingi. Lori la Karabai lilikwenda kote lilikokwenda, na likarudi Nkwantanum kama ilivyoahidiwa jukwaani. Kila aliporudi hakuingia kama mwenye nyumba. Alisimama mlangoni na kuita hodi kwa sauti ya bibie, hata miaka ile ya mwisho ambapo mama mkwe wake hakuona tena chochote, wala chekundu wala cha kung'aa.

"Karibu, dada yangu," Mama Abakoma alimjibu kutoka kwenye kigoda chake. "Kaa, unywe maji. Hapa ni salama."